Baofeng 888 kuwa nodi ya AllStar: ikituma inanguruma na kung'ang'ania, nani kafanikiwa?

#1 Fundi_Solda
Wakuu habari. Leseni ninayo, nasema mapema kabla hamjaanza.

Nimechukua BF-888S, ile redio koli ndogo ya walinzi na kamati za harusi, nimeifungua nataka iwe nodi ya AllStarLink, ule mtandao wa kuunganisha redio kwa intaneti, hapa nyumbani. Raspberry Pi 3 ipo, kile kidude cha sauti cha USB chenye chipu ya CM108 nishakichokonoa, PTT (amri ya kutuma) nimevuta mguu wa 13, COS (ishara kuwa redio inapokea) nimeingiza mguu wa 48, kila upande transista moja ya 2N3904. Maiki na spika nimepitia lile tundu la pembeni la pini mbili. COS nimeiiba kwenye taa ya kijani. Betri nimetoa, nimeweka bodi ya kushushia volti, inaingia 5 inatoka 3.9, nimesolda moja kwa moja kwenye vile vyuma vya betri.

Kupokea ni safi hakuna mfano. Naongea na redio yangu ya mkononi, nodi inashika, nabonyeza *355553 namwita kasuku, naongea, namwachia. Sasa kasuku akianza kunirudishia maneno yangu, yani 888 ikianza kutuma, sauti inatoka na mngurumo chini yake, alafu akimaliza redio haiachii. Taa nyekundu imeganda pale mpaka nichomoe USB. Nikiweka nguvu ya chini kwenye CHIRP, ile programu ya kupangia redio, inakuwa afadhali ila haiishi.

Swali langu, hii ni redio, ni waya au ni umeme? Na kwani kuna mtu humu anayo 888 inayofanya kazi hii mwezi mzima bila kushikwa mkono, au watu wanatupia picha tu za siku ya kwanza.

#2 Karanga_Mbichi
Nakaa siti ya mbele hapa.

#3 Mzee wa Antena
Mkuu mleta mada, jibu lako lipo kwenye maelezo yako mwenyewe. Nguvu ya chini afadhali, nguvu ya juu balaa. Hayo ni mawimbi yako yanakurudia kwenye kompyuta. Piga hesabu: 300 gawa kwa 433, masafa ya bendi hii kwa MHz, unapata sentimita 69, robo yake ni 17 na kidogo. Nenda kapime waya unaotoka kwenye kidude kwenda kwenye redio. Kama una sentimita 15 mpaka 20 basi hujaweka waya hapo, umeweka antena ya pili, na imechomekwa ndani ya USB.

Na nakuapia ile antena ya mpira bado iko juu ya redio, na redio iko juu ya Pi.

#4 Fundi_Solda
Mzee wa Antena umeniotea. Antena ya mpira ipo juu, redio nimeibandika kwenye boksi moja na Pi, waya ni kama urefu wa kiganja na vidole. Ila sasa mbona ya kwenye picha za wenzetu wa nje wameweka hivohivo kwenye boksi moja na inafanya kazi?

#5 Binti_Forodhani
Mbona mnakimbilia mawimbi kabla ya kuangalia umeme. Fundi, hiyo bodi ya kushushia volti inakula wapi? Kama inakula kwenye USB hiyohiyo ya Pi au chaja moja inalisha vyote viwili shida yako ni hiyo wala usitafute mchawi.

Haya hesabu yangu na mimi. Tuseme redio inatoa kweli wati 5 wanazoandika kwenye boksi. Hatua ya mwisho ya kutuma ikipata ufanisi wa nusu, ambao kwa redio ya bei hii ni mzuri, inataka wati 10 kuingia. Kwa volti 3.7 hizo ni ampea 2.7. Chaja yako ya simu ina ngapi? Na Pi inataka zake. Ikibonyezwa PTT volti inazama, Pi inayumba, kidude cha USB kinazimia. Nguvu ya chini inakula ampea kidogo ndo maana inakuwa afadhali, kwa hiyo ule ushahidi wa Mzee wa Antena unatumika na huku vilevile.

Andika hii utuletee jibu: vcgencmd get_throttled

#6 Mzee wa Antena
Dada wati 5 kwenye 888 hizo ni wati za kwenye karatasi bana.

#7 Binti_Forodhani
Najua ndo maana nimesema tuseme. Hata ikiwa wati 2 bado ampea inapita moja, na chaja zetu za mtaani za kuandikwa 2A tunazijua.

#8 Fundi_Solda
Binti jibu ni throttled=0x50000. Chaja ni moja ndio, ya simu, inalisha Pi na bodi.

#9 Binti_Forodhani
Haya. 0x50000 maana yake volti ilishawahi kushuka na Pi ikajipunguza kasi tangu uiwashe. Siongezi neno.

#10 Msee_wa_Nyali
Siongezi neno na bado utaongeza, tunakujua 😂

Wadau mimi niko Mombasa, hii kitu nimeifanya na 888 pia. Wacha niwaambie hamjaulizia jambo la maana. Fundi, ile transista ya PTT, kutoka kwa base (mguu wake wa kuifungua) kwenda chini umeweka rezista ama umeacha hewani? Maanake watu wengi wanaweka tu rezista moja ya kutoka GPIO (ule mguu wa 13 wa kidude) kwenda base wanafunga kazi. Ukiwa na mawimbi karibu, hiyo junction ya transista inageuza mawimbi kuwa volti ya DC, transista inajifungua yenyewe, redio inaendelea kutuma, ikiendelea kutuma mawimbi yapo, mawimbi yakiwepo transista iko wazi. Inajilisha yenyewe. Weka 10k kutoka base kwenda ardhi na kapasita ya 1nF sambamba nayo, karibu kabisa na mguu wa transista, isiwe ni waya mrefu.

Pia duplex umeandika ngapi kwa rpt.conf, lile faili la mipangilio ya nodi? Kama ni 2 hiyo ni ya ripita, nodi yako masafa ni moja, ikidanganyika kuwa inapokea wakati inatuma itajirudia mpaka kesho.

#11 Fundi_Solda
duplex=1. Rezista ya base kwenda chini sijaweka, nina 4.7k ya kutoka GPIO tu.

#12 Mzee wa Antena
Kwa hiyo Msee wa Nyali unakubaliana na mimi kuwa ni mawimbi, umezungukia tu mlango wa nyuma.

#13 Msee_wa_Nyali
Mzee, wewe unamwambia ahamishe antena. Mimi namwambia aache antena hapohapo aweke rezista ya bob mbili. Si kitu kimoja.

#14 Mtoto_wa_Tandale
Samahani wakuu naomba kueleweshwa taratibu, nodi ndo nini? Nilidhani redio koli inaongea na redio koli basi.

#15 Maalim_Muscat
Wa aleikum salaam hata kama hukusalimu mwanangu.

Redio yako ya mkononi inafika hapo ulipo, mtaa, labda mtaa wa pili. Nodi ni redio ya pili unayoiweka nyumbani, imeunganishwa na kompyuta ndogo, na kompyuta imeunganishwa na intaneti. Unaongea na redio ya mkononi ukiwa jikoni, ya pili inakupokea, kompyuta inapeleka sauti kwenye nodi nyengine Uingereza, Japani, popote, na kule inatoka hewani tena kwa redio. Ndani ya kompyuta mna programu ya simu za ofisini, Asterisk, na juu yake kiungo kinaitwa app_rpt. Alichokiandika ni Jim Dixon, WB6NIL, Mmarekani, Mungu amrehemu, kafariki 2016. Yule ndiye aliyekuwa akitengeneza kadi za simu za bei nafuu za Zapata kabla ya hapo, kwa hiyo usishangae amri za AllStar zina nyota mbele, *3 kuunga, *1 kukata. Ni mambo ya simu yale.

Ipo na EchoLink, ya Jonathan Taylor K1RFD, ya tangu 2002. Ile hata kwa simu ya mkononi unaingia bila ya redio, lakini leseni lazima uwatumie waione. AllStar nayo hawakupi namba ya nodi bila kuthibitisha leseni.

#16 Mtoto_wa_Tandale
Shukrani sana maalim. Na asalaam aleikum.

#17 Raia_Mwema
Naona mnafundishana kwa furaha. Mnajua kutuma bila leseni Tanzania ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano, EPOCA ya 2010? TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, hawachezi. Na hizo 888 zikitoka boksini masafa ya kiwandani yanaangukia kwenye MHz 462 huko, sio bendi ya redio ridhaa kabisa. Kuna watu wananunua jozi wanawasha wanaongea, hawajui wanaongea juu ya nani.

#18 Karanga_Mbichi
Mleta mada kasema ana leseni mstari wa kwanza kabisa wa uzi, wa kwanza! Sijui nyie mnasomaga kuanzia wapi.

#19 Raia_Mwema
Nasemea wasomaji wengine, sio yeye. Anayesoma hapa kesho anaenda dukani.

#20 Maalim_Muscat
Raia Mwema kasema kweli hilo. Sisi huku Omani, A4, bila ya leseni hata hiyo redio yenyewe kuwa nayo ni maneno. Kwenu 5H muulizeni TCRA, Kenya 5Z waulize CA, na leseni ina masharti yake, mtu asome karatasi yake kama inaruhusu kituo kinachotuma chenyewe bila mtu kukaa mbele yake. Nodi ndivyo ilivyo, inatuma na wewe umelala.

#21 Koili
Fundi hujasema masafa gani umeweka.

#22 Fundi_Solda
MHz 436.500, toni ya kufungulia spika 88.5.

#23 Koili
Toka hapo haraka mkuu. 435 mpaka 438 ni ya setilaiti. Bendi yetu huku ukanda wa kwanza ni 430 hadi 440, nafasi ipo tele, shuka 433 au 434 kwa mpango wa nchi yako, lakini usikae katikati ya setilaiti. Wati mbili zako za nyumbani haziwezi kuzima setilaiti, ila jirani mwenye leseni anayesikiliza juu anaposikia kasuku wako kila dakika tano atakuchukia. Kituo cha anga ISS kirudishi chake kinashusha kwenye 437.800, kinapokea 145.990 na toni ya 67. Hiyo 888 yako inaweza kuisikiliza wakati inapita juu, weka chaneli mbili tatu juu na chini ya 437.800 kwa sababu masafa yanahama inavyokuja na inavyokwenda.

#24 Mtoto_wa_Tandale
Kumbe naweza kusikia angani na redio ya mlinzi??

#25 Koili
Ikiwa imewashwa na antena nzuri ndio. Kutuma huwezi kwa sababu 888 haina 145, ni UHF tupu.

#26 Nyota_ya_Minneapolis
Wakuu poleni na kazi. Niko huku baridi, nodi yangu sikuhangaika na Baofeng. Kuna moduli inaitwa SA818, ukubwa wa stempu, inakaa kwenye bodi ndogo pamoja na CM108, unachomeka USB kwenye Pi kazi kwisha. Wati moja au chini, COS ipo kwenye mguu wake rasmi, PTT ipo kwenye mguu wake rasmi, hamna kuiba taa ya kijani. Fundi ushauri wangu wa upendo kabisa, rudisha betri kwenye 888 mpe mlinzi.

#27 Msee_wa_Nyali
Ndugu yetu wa Marekani, hiyo SA818 ukiagiza mpaka ifike hapa, ushuru, na ukute ni ya VHF badala ya UHF. 888 iko Biashara Street sasa hivi hapo nje.

#28 Nyota_ya_Minneapolis
Sawa lakini ukihesabu muda, bodi ya volti, kidude, transista, hasira, mbona bei imelingana.

#29 Fundi_Solda
Hasira silipii VAT.

#30 Dada_Fyuzi
Nimesoma uzi wote kimya, ngoja nitie langu. Kuna vitu ndani ya 888 yenyewe hakuna aliyevigusa. Fungua CHIRP, nenda settings.

Battery saver, zima. Ikiwa imewashwa redio inalala na kuamka ikiwa haipokei, kwa hiyo neno la kwanza linaliwa kila mara, watu wanalaumu intaneti. Time-out timer, angalia iko ngapi. Kama iko sekunde 60 basi mtu wa upande wa pili akihutubia, redio inakata katikati hata kama kompyuta inasema endelea. Acha kompyuta ihesabu, kule kwenye rpt.conf kuna totime, 180000 ni dakika tatu, na ya kwenye redio iweke juu ya hapo ibaki ya akiba. VOX, ile ya redio kujitumia ikisikia sauti, zima. Na sauti ya yule dada wa Kichina zima, la sivyo kila umeme ukirudi usiku nyumba nzima inatangaziwa chaneli.

Na upana. Chaneli ikiwa nyembamba ya 12.5 halafu kwenye simpleusb, mipangilio ya kidude cha sauti, umepandisha sauti ya kutuma kama ni 25, sauti inapasuka na watu wanaita mngurumo. Sio kila mngurumo ni mawimbi na sio kila mngurumo ni chaja.

#31 Fundi_Solda
Dada Fyuzi upo sahihi battery saver ilikuwa on. Nimezima, neno la kwanza limerudi. Mngurumo bado upo. Kuganda bado kupo.

#32 Nguzo_ya_Tatu
Na hiyo COS ya taa ya kijani je? Hakuna aliyeigusa na ndo kasoro kubwa kuliko zote. Taa ya kijani kwenye hizi redio inawaka kwa wimbi lolote linaloingia, hata kama toni si yako. Spika inanyamaza lakini taa inawaka. Kwa hiyo mtu wa boda mwenye redio ya mchina kwenye masafa yako bila toni, nodi inadhani ni wewe, inabonyeza ukimya kwenda duniani kote. COS ichukuliwe kwenye laini inayowasha amplifaya ya spika, ile inasubiri toni.

#33 Koili
Kwenye bodi yangu taa inafuata toni.

#34 Nguzo_ya_Tatu
Haiwezekani.

#35 Koili
Iko mbele yangu mkuu. Toni si yangu, taa haiwaki. Labda bodi ni toleo tofauti, maana ukifungua 888 mbili za nje zinazofanana unaweza kukuta ndani sakiti mbili.

#36 Msee_wa_Nyali
Hiyo ni kweli, sikuizi usifuate picha ya mtu mwingine kwa solda bila kupima na mita kwanza. Yangu amplifaya haikuwa mahali ilipokuwa kwa ile picha maarufu, nilitafuta na mita mpaka nikapata laini inayopanda redio ikifunguka.

#37 Papa_Solda_Lshi
Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi. Uzi hii ni muzuri sana. Kwetu umeme inakatika sana, kwa ile sababu nodi yangu naweka kwa betri na jua, na miye sikuwahi kuona mngurumo hata siku moja. Redio ni ile ile 888. Betri iko 12V, niko na bodi mbili tofauti, moja ya Pi, ingine ya redio. Labda ni ile.

#38 Binti_Forodhani
Papa nakupenda bure.

#39 Mzee wa Antena
Papa na antena yako iko wapi?

#40 Papa_Solda_Lshi
Iko inje, juu ya nyumba, na kebo.

#41 Mzee wa Antena
😂😂😂 Binti?

#42 Binti_Forodhani
Umeme wake umetenganishwa NA antena iko nje. Haithibitishi yako wala yangu. Ila napata pointi nusu.

#43 Fundi_Solda
Wakuu mrejesho. Nimetoa antena ya mpira, nimeweka mzigo bandia wa omu 50. Redio ya mkononi bado inasikika nyumba nzima mpaka getini, kwa hiyo kwa matumizi yangu sijapoteza chochote. Mngurumo umepungua sana lakini upo kwa mbali. Kuganda kumepungua ila jana usiku imeganda tena. Kwenye dmesg, kumbukumbu za Pi, nikaona kidude cha USB kimekatika na kurudi, na wakati huohuo ndo iliganda.

#44 Mzee wa Antena
Antena imetoka, mngurumo umepungua. Nini tena mnataka?

#45 Binti_Forodhani
Antena imetoka na bado kidude kinakatika. Mawimbi yamekwenda, ugonjwa umebaki. Na umebadilisha chaja?

#46 Fundi_Solda
Bado.

#47 Msee_wa_Nyali
Na rezista ya 10k?

#48 Fundi_Solda
Jioni naenda dukani mkuu.

#49 Dada_Fyuzi
Kuganda nadhani naielewa ila mnanipinga najua. Kidude kikizimia katikati ya kutuma, Asterisk haina tena mkono wa kukiambia shusha PTT. Ile GPIO inabaki juu, transista inabaki wazi. Ndo maana ukichomoa USB inaachia.

#50 Msee_wa_Nyali
Hapana dada, kuchomoa USB kunakata kila kitu. Inakata GPIO, inakata umeme wa kidude, na inaondoa ule waya wa USB uliokuwa unashika mawimbi. Kwa hiyo hiyo nayo haisemi ni nani kati yetu. Akitaka kujua, siku ikiganda asichomoe, achukue mita apime GPIO pale mguu wa 13. Ikiwa juu, dada umeshinda. Ikiwa chini na redio inaendelea kutuma, ni transista inajifungua, nimeshinda mimi.

#51 Dada_Fyuzi
Haki. Nakubali kipimo hicho. Ila waya za mita zenyewe ni ndefu, zitabeba mawimbi, kwa hiyo usije ukasema umeshinda kwa volti ya ajabuajabu.

#52 Maalim_Muscat
Mimi nitaongeza la nne mupigane vizuri. Ardhi. Redio imepata ardhi kupitia bodi ya volti, na imepata ardhi tena kupitia kidude cha sauti. Njia mbili, na katikati kelele za Pi zinazunguka. Ule mngurumo uliobaki kwa mbali baada ya kutoa antena nahisi ni huo. Transfoma ndogo ya sauti ya 600 kwa 600 kwenye laini ya maiki, na ardhi ikatwe upande mmoja. Zinapatikana kwenye modemu za zamani za simu za mezani, zile watu wametupa stoo. Kwa PTT basi utie optokapla badala ya ile transista, maana transista inarudisha ardhi ileile uliyoikata.

#53 Mzee wa Antena
Maalim sasa hii nodi itakuwa na vipuri vingi kuliko redio yenyewe.

#54 Maalim_Muscat
Ndio ufundi huo mzee wangu.

#55 Nyota_ya_Minneapolis
SA818.

#56 Fundi_Solda
Nyota tumekusikia.

#57 Shemeji_wa_Mbeya
Mimi yangu inafanya kazi vizuri kwa mtu wa karibu ila hakuna anayeweza kunipigia kutoka nje. Mimi nawafikia, wao hawanifikii. Nimefungua mlango wa UDP 4569 kwenye ruta mpaka vidole vimeuma. Nodi iko Mbeya, intaneti ni laini ya simu.

#58 Koili
Shemeji hapo hakuna cha kufungua. Laini ya simu inakuweka wewe na watu kibao nyuma ya anwani moja, ruta yako ikifungua mlango, kuna mlango mwingine huko juu kwa mwenye mtandao ambao huna funguo. Kupiga nje unaweza kwa sababu wewe ndo umeanza. Njia ni mbili. Uunge wewe mwenyewe kwenye nodi kubwa moja nodi ikiwaka tu, ukae hapohapo, wanaokutafuta wakukute kule. Au upate VPN yenye anwani yake ya wazi, 4569 ipitie huko. EchoLink nayo ni hivohivo, yenyewe inataka UDP 5198 na 5199, ila ile ina proksi zake za kukusaidia.

#59 Shemeji_wa_Mbeya
Asante Koili, nimekaa na hii kitu muda wote nalaumu Pi.

#60 Nguzo_ya_Tatu
Turudi kwenye taa ya kijani.

#61 Karanga_Mbichi
Hapana.

#62 Fundi_Solda
Mrejesho mwingine. Nimeweka 10k na 1nF kwenye base. Chaja nimetenganisha, Pi ina yake, redio ina yake. Waya nimeufupisha na nimebana ferati mbili, zile pete za kuzuia mawimbi, moja USB moja kwenye waya wa redio. Tangu asubuhi haijaganda. Mngurumo upo bado kwa mbali sana, kama hujui hutausikia.

#63 Binti_Forodhani
Chaja. Nilisema.

#64 Mzee wa Antena
Ferati na waya mfupi. Hiyo ni kauli yangu ya posti ya tatu.

#65 Msee_wa_Nyali
Nyinyi wawili mnasherehekea juu ya rezista yangu 😂 Fundi kwa nini ulibadilisha vyote mara moja sasa? Hatutajua kamwe. Toa kimoja kimoja tuone kipi kinarudisha ugonjwa.

#66 Fundi_Solda
Mkuu inafanya kazi alafu niiharibu ili nyie mjue nani alishinda?

#67 Dada_Fyuzi
NDIO.

#68 Maalim_Muscat
Na mngurumo uliobaki ni ardhi, nakwambia. Subiri wiki mbili.

#69 Nguzo_ya_Tatu
Subiri mtu wa boda apite.

#70 Ally_Kiungo
Wakuu nimechelewa uzi mrefu sana, samahani, hii nodi inashika mechi ya Simba na Yanga?

#71 Koili
888 haina hata redio ya FM mkuu. UV-5R ndo inayo.

#72 Ally_Kiungo
Kwa hiyo ninunue UV-5R niifanye nodi?

#73 Msee_wa_Nyali
Nunua redio ya sokoni, weka betri, sikiliza mpira bro.

#74 Raia_Mwema
Na hiyo haihitaji leseni.